Karani Aliyeupima Uzi Wangu

Mtaani kwetu ukisema "Karani" hakuna anayekuuliza karani yupi. Ni yule mama wa nyumba ya mabati ya kijani, aliyestaafu ukarani wa korti zamani na ambaye inaonekana hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba kazi iliisha. Nimekaa naye ua kwa ua miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo yote hakuna siku nilimwambia jambo akalikubali mara ya kwanza.

"Mama, jana ilinyesha vibaya."

"Jana saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni si saa."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiongea juu ya mvua. Sasa wewe fikiria tulivyoongea siku niliyomwambia kwamba nimeshikwa kwa wizi.

Ni mama mfupi, mzito wa miguu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Viatu vyenyewe hapendi. Nyumbani huvaa patipati, na ukimwona amevaa vile vyake vyeusi vya ngozi ujue kuna mtu mahali fulani atajuta. Sauti yake haikupata kustaafu hata kidogo. Kortini kazi yake mojawapo ilikuwa kutoka nje na kuita jina la mwenye kesi mara tatu, na mpaka leo ndivyo anavyoita kila kiumbe. Mimi ni "Baba Chela! Baba Chela! Baba Chela!" Usipoitika kwa ile ya tatu anarudi ndani na anaandika kwamba hukufika. Naye kuku wake akipotea, mtaa mzima unasikia anaitwa kama mshtakiwa.

Ndiyo, anaandika. Ana kauntabuku, yale madaftari makubwa ya jalada gumu, na sidhani kuna jambo lilitokea mtaani halimo ndani. Maji yalikatika lini, mbwa wa nani alimuuma nani, lori la mchanga lilivunja lango saa ngapi. Mke wangu huyaita Kitabu cha Uzima, na hataki kujua yeye ameandikwa wapi. Tulipogombana na fundi wa mtaro, akakana kwamba aliahidi kumaliza Ijumaa, Karani alilamba kidole, akafungua ukurasa, akamsomea maneno yake mwenyewe mpaka pale alipokohoa. Fundi alimaliza mtaro. Alimaliza pia kuongea na sisi.

Msemo wake ni mmoja na utauchoka: "Hasira haina tarehe. Andika." Ukimjia unawaka moto kwa sababu umetukanwa, hakupi pole. Anakupa kalamu.

Hata kanisani hatulii. Kuna Jumapili Pasta alihubiri kwa uchungu juu ya kamati fulani iliyosemekana kula mabati ya jengo jipya. Alipomaliza, mama akasimama pale pale kwenye benchi, mkono juu, akasema, "Pasta, hizo bado ni tuhuma." Kwaya ikashindwa kuanza wimbo. Nilitamani kucheka na nilitamani kuzama, kwa sababu nilikuwa nimeketi kando yake na watu walidhani tumekuja pamoja.

Usidhani basi kwamba ni mtakatifu. Huyu mtetezi wa haki huingia shambani kwangu nyuma ya nyumba na kuchuma sukuma wiki bila kuniuliza. Nikimuuliza anasema anazipunguza zisizeeke. Jirani wa upande wa pili naye amesogeza ua wake mwaka baada ya mwaka, hatua moja hatua moja, mpaka kamba ya nguo za Karani sasa iko kwa yule jirani. Ushahidi wote anao, ameuandika kwa tarehe. Hajawahi kushtaki.

"Mbona hushtaki, Mama?"

"Nimekaa kortini maisha yangu yote," alinijibu. "Kule siwezi kupeleka hata adui."

Ukiniambia nikueleze hapo, nitashindwa. Nilipata C ya kawaida kidato cha nne na nikashukuru.

Mimi mwenyewe ni mtu wa nyumbani. Hapa Eldoret kila mwanaume mwembamba anakimbia mbio, na watu wa mbali wakiniona nilivyo mwembamba huniuliza nakimbia mita ngapi. Nakimbia kutoka kwa mashine mpaka jikoni. Nina mashine ya kufuma sweta, nafuma za shule, sebuleni kwangu, redio ikiwa chini na maharagwe yakiwa jikoni. Mke wangu anafundisha upande wa Kesses na huondoka mapema, kwa hiyo mwenye kujua nyumba yetu ina chumvi kiasi gani ni mimi. Wanaume wenzangu wamenicheka mpaka wakachoka, na sasa huleta sweta za watoto wao nizizibe viwiko.

Jambo moja la kazi hii ulielewe, kwa sababu ndilo lililoniumiza. Uzi si wangu. Shule mbili hunikabidhi uzi wao, magunia mazima, nao hawaji kuhesabu. Ukipungua kidogo najazia mwenyewe kutoka dukani. Kazi yote imesimama juu ya jambo hilo: kwamba mimi ni mtu unaweza kumwachia uzi. Na rangi yenyewe ni maruni, nayo maruni ina ndugu wengi. Ukinunua bila kulinganisha unafuma sweta ambayo mwili ni wa shule moja na mkono ni wa shule jirani. Kwa hiyo sisi wafumaji tuna desturi: ukienda kununua uzi unabeba wako wa zamani mfukoni, unaupeleka kwa rafu, unaushika kando ya ule mpya karibu na dirisha. Sijui mfumaji asiyefanya hivyo. Na sijui kati yetu ni nani aliyewahi kufikiria hiyo desturi inafanana na nini ukiitazama kwa kamera.

Ilikuwa Jumanne, katikati ya asubuhi. Nilikuwa nimebakisha mkono mmoja wa sweta. Nikaongeza maji kwenye maharagwe, nikafunika, nikajiambia ni dakika arobaini kwenda na kurudi. Nikatia mfukoni donge langu la uzi lililobaki, likiwa bado na kile kikaratasi chake chenye kibandiko cha bei, kwa sababu nilikuwa nimelinunua supamaketi hiyo hiyo wiki tatu zilizopita. Mlangoni nikaacha begi kwa kaunta ya mizigo kama mtu mwaminifu, nikapewa kibati chenye namba. Mfuko wa koti hakuna aliyeniomba.

Uzi wao mpya ulikuwa mwekundu mno. Nililinganisha dirishani, nikatikisa kichwa, nikarudisha wao, nikarudisha wangu mfukoni, nikatoka mikono mitupu.

"Mzee, kuja kidogo," akasema gadi wa mlangoni.

Hilo "kidogo" lilikuwa la saa nzima. Nilipelekwa chumba cha nyuma chenye katoni za mafuta ya kupikia, gadi akalitoa donge mfukoni mwangu. Meneja akaja, kijana mwenye tai na simu mbili, akaliweka donge mezani kati yetu kama mtu aliyeshinda.

"Hii ni ya wapi?"

"Ni yangu. Nilinunua hapa hapa."

"Risiti?"

"Ya wiki tatu zilizopita? Si niliwashia jiko."

"Mzee, usitusumbue. Kibandiko ni chetu, risiti huna. Tumalize kirafiki. Unaandika hapa ulichukua, tunakupiga picha, unaenda nyumbani. Ukikataa, naita polisi, na huko utalala."

Sasa hapa ndipo ninapojichukia. Mtu mwingine angekumbuka heshima ya baba yake. Mimi nilikumbuka maharagwe. Niliyaona, ninakuapia, niliona maji yakipungua sufuriani, nikaona makaa niliyoyaacha mengi mno. Nikawaza: huyu kijana anataka karatasi, nimpe karatasi, nifike nyumbani kabla hayajashika. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule uliosifiwa na mwalimu wa Kiswahili, "Nimekubali nilichukua uzi bila kulipa," nikatia sahihi. Nikasimama ukutani nikishika donge kifuani. Gadi akaniambia niinue kidevu. Nikainua.

Donge wakabaki nalo. Picha ikabandikwa kwenye ukuta ule wa kuingilia, ambapo wao hubandika walioshikwa: huyu na sabuni, huyu na siagi, huyu na pakiti ya nepi. Mimi nikawa katikati, kidevu juu, kama anayegombea udiwani.

Nilipofika nyumbani maharagwe yalikuwa makaa.

Karani alisikia harufu kabla sijafungua mlango. "Baba Chela! Baba Chela!" Nilienda kwa ile ya pili, kwa sababu sikuwa na nguvu za kuitwa mara ya tatu. Alikuwa upande wake wa ua, patipati miguuni, mkononi ana fungu la sukuma ambazo nazifahamu. Nikamweleza. Hakuguna, hakupiga ulimi. Alisema tu, "Anza tena, polepole. Gadi alikugusa wapi?" Nikaanza tena. "Alikwambia umeshikwa, au alisema uje?" Nikaanza tena. Mara ya nne nilipaza sauti.

"Mama, nimeitwa mwizi! Picha yangu iko ukutani! Wewe unauliza mlango ulifungwa au ulirudishwa?"

"Ulifungwa au ulirudishwa?"

"Ulifungwa."

"Na funguo?"

"Na funguo."

"Haya." Akaandika. Kisha akavua miwani, akanitazama. "Sasa niambie. Kukubali ulikubali kwa nini?"

Nikatazama patipati zake.

"Sema."

"Maharagwe, Mama. Nilikuwa nimeyaacha jikoni."

Alitazama sufuria yangu nyeusi niliyoiweka kwenye ngazi ipoe. Aliitazama kwa muda mrefu kama Mkristo anayetafuta neno la kujenga.

"Esau," akasema, "alau alikula."

Jioni hiyo mke wangu aliporudi aliniuliza kama nilichukua. Nikasema sikuchukua. Akasema ananiamini. Baadaye, tukinywa chai kwa mkate, akaniuliza tena. Kisha akasema kitu cha busara kabisa, ambacho mimi pia nilikitaka: "Basi tunyamaze. Watu husahau. Ukipiga kelele ndio watajua." Nikakubaliana naye. Ilikuwa imebaki kumwambia Karani.

Kesho yake Karani alinikalisha sebuleni kwake, chini ya kalenda tatu za miaka tofauti, akanipa chai na somo. Mimi nilikuja na maneno matatu, "Mama, tumeamua kunyamaza," na sikupata nafasi ya kuyasema mpaka kikombe cha pili.

Gadi, aliniambia, si polisi na si hakimu. Akikuona na kitu au akikushuku kwa sababu ya maana, anaweza kukuzuia, lakini ni kukupeleka kwa polisi bila kuchelewa, basi. Hana ruhusa ya kukufungia kwenye katoni za mafuta ili ujifunze adabu. Kupekuliwa unaweza kukataa, ukasema polisi waje. Kupigwa picha unaweza kukataa. Kuandika unaweza kukataa, tena hapo ndipo mtu anatakiwa kuwa bubu. Unataja jina lako, unaomba kamera iangaliwe, unafunga mdomo.

"Wakisema wataita polisi?"

"Unasema, 'Asante, waiteni.' Mara nyingi hapo ndipo tai inalegea."

"Na wakija kweli?"

"Basi uko mbele ya watu ambao sheria inawajua. Wanakuandika, unapewa dhamana, unafika kortini, na kule ni wao waonyeshe uliiba. Si wewe uonyeshe hukuiba."

"Lakini mimi tayari nilishaandika, Mama."

"Uliandikia nani? Ungamo la kusikika kortini hutolewa mbele ya hakimu au afisa wa polisi mwenye cheo. Meneja wa sabuni na siagi si mmoja wao. Ile karatasi kortini haina kazi." Akanywa chai. "Shida ni kwamba hawakuibandika kortini. Ukutani hakuna hakimu."

Kisha akanihesabia njia zangu kwa vidole. Ya kwanza, kwenda kituo cha polisi kuripoti kwamba nilifungiwa, nipewe namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ili siku hiyo iwe na alama. Ya pili, barua: waihifadhi ile video ya kamera kabla haijajifuta, watoe picha, wajibu kwa siku saba. Ya tatu, wakili na kesi ya madai, kwa kunifungia na kwa kunichafulia jina. Na hiyo ya jina usiilalie, kwa sababu ina mwaka mmoja tu. Nikamwambia nimesikia kuna korti ndogo ya haraka isiyohitaji wakili. Akasema ile haigusi mambo ya jina. Nikamwambia basi sheria yenyewe ni ya watu wenye muda.

"Hapo umesema," akanijibu. "Nimeona watu wakikubali makosa si yao kwa sababu basi lao linaondoka saa tisa. Nimewaandika kwa mkono huu. Mnyonge si yule hana haki, Baba Chela. Ni yule ana haraka."

Hapo ndipo nilipopata kusema yale maneno yangu matatu. Aliniuliza mwalimu mkuu wa ile shule yangu kubwa hununua vitu wapi. Nikamtajia supamaketi ile ile. Sote wawili tukauona ule ukuta wa kuingilia.

Tukaenda kituoni. Afisa aliandika bila kuinua kichwa, akanipa namba. Barua Karani aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili kigumu cha korti, na "KUHUSU" yenye mistari miwili chini. Alinifanya niinakili mara tatu kwa sababu nilivuka ukingo. Siku saba zikapita bila jibu. Katika siku hizo nilifuma ule mkono wa sweta uliobaki kwa uzi mwekundu mno niliopata duka lingine, nikaufumua, nikaufuma. Mtu wa boda aliyezoea kunibeba alinipungia mkono akacheka, "Mzee wa uzi!" Siku ya nane katibu wa shule akanipigia simu. Alisema magunia ya muhula ujao "tungoje kidogo." Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshajua maana ya hilo neno kidogo.

Siku ya tisa asubuhi Karani alitokea langoni kwangu amevaa vile viatu vyeusi.

Ofisi ya meneja iko juu, na ngazi zenyewe ni za chuma. Alizipanda akishika ukuta, akitaja kila goti lake kwa jina. Juu alikaa bila kukaribishwa, akafungua kauntabuku, akaandika saa.

"Kijana wangu, nimekuja na jirani yangu. Ule uzi uko wapi?"

Kijana wa tai alifungua droo, akatoa donge langu likiwa ndani ya karatasi ya plastiki, jina langu juu yake.

"Mbona hamkuurudisha kwa rafu?"

"Hauuziki huu, Mama. Umetumika."

Kalamu ya Karani ikasimama hewani. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Kijana alikuwa ameanza kuelewa, nikaiona shingo yake ikibadilika rangi.

"Umetumika na nani?" Karani akauliza, polepole.

"Wengine hufungua humu ndani, Mama. Wanaharibu."

"Karatasi yake inasema ni gramu ngapi?"

"Mia moja."

"Mizani mnayo?"

Mizani iko chini, kwa mboga. Tukashuka msafara: Karani mbele akitaja magoti, meneja na donge, mimi, na gadi wa mlangoni aliyetufuata kwa sababu hakujua afanye nini. Msichana wa mboga aliondoa vitunguu vya mteja, akaweka uzi. Ikasoma hamsini na nane.

"Hamsini na nane," Karani akatangaza, kwa ile sauti ya kuita kesi. Watu wa nyanya wakageuka. "Sasa nisaidieni kuandika. Zile arobaini na mbili alizifumia wapi? Kwenye rafu, au akiwa kwa foleni?"

Mteja wa vitunguu alicheka kwanza, kisha msichana wa mboga, kisha gadi, ambaye aligeuka akajifanya anakohoa. Kijana wa tai akasema tuende tuongee juu. Karani akasema magoti yake hayapandi mara mbili kwa siku moja, kwa hiyo tutaongea hapo hapo, kwa kabichi.

Picha ikatoka mbele yangu. Wakaifuta pia kwenye simu, Karani akichungulia. Ile karatasi yangu ya mwandiko mzuri nikarudishiwa. Ningekuwa mimi ningeshukuru nikimbie, maana hapo nilikuwa nimepata kila kitu nilichokitaka. Yeye akasema bado. Mlichafua kwa ukuta, mtasafisha kwa ukuta, siku tisa kwa siku tisa.

Kwa hiyo siku tisa nzima, pale pale nilipokuwa nimeshika uzi, palibandikwa karatasi kubwa yenye jina langu kamili, la ubatizo na la ukoo, ikiniomba radhi kwa kushukiwa kimakosa kwamba niliiba. Watu ambao hawakuwa wameona picha, na walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wakaisoma. Wakaja kunipa pole. Wakauliza ilikuwaje. Pasta akaniuliza kwa upole kama kuna jambo ningependa kumwambia faragha. Nimesafishwa mpaka nikanuka sabuni. Lakini katibu wa shule naye aliisoma, na magunia yakaletwa, na hawakuyahesabu.

Kesi ya madai sikufungua. Nilimwambia Karani nikiogopa atanifukuza. Akasema na yeye asingefungua.

"Sasa kunisumbua na vile vidole vyote ilikuwa ya nini, Mama?"

"Ili usiende kwa sababu umechagua, si kwa sababu hujui njia."

Binti yake alikuja kumchukua mwezi uliopita, ampeleke nyumbani kwao magharibi, kwa sababu yale magoti sasa hayakubali hata ngazi mbili za mlangoni. Nilienda kusaidia kubeba. Nyumba ilikuwa tupu, alama za kalenda ukutani. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la kauntabuku akilinda lisipakiwe chini ya godoro. Nikaona hapa ndipo pa kusema lile nililolibeba muda wote.

"Mama, kuna kitu nilitaka kukushukuru. Wote waliniuliza kama niliiba. Mke wangu aliuliza mara mbili. Wewe peke yako hukuwahi kuniuliza. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba sikuiba."

Akavuta miwani kwa kamba yake, akaivaa, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nilijua umeiba."

"Mama!"

"Mtu mzima. Umepatikana na uzi mfukoni, kibandiko chao, risiti huna, sahihi umetia. Kesi za namna hiyo nimeziita maisha yangu yote. Nikasema, jirani yangu amejaribiwa, hutokea kwa watu wazuri. Nilijua hivyo mpaka yule kijana aliposema umetumika. Hukuona nilishtuka?"

Niliona. Nilidhani ni mbinu ya kortini.

"Na mizani ingesoma mia?"

"Ningekusema vibaya njia nzima mpaka nyumbani," akasema. "Lakini picha ingetoka."

Nilitoka mpaka langoni nimekasirika kama siku ile ya katoni. Kwa muda wote huo nilikuwa nimemtangaza mtaani kama mtu pekee aliyeniamini. Kumbe aliyeniamini ni mke wangu, na ushauri wake ulikuwa tunyamaze. Na huyu mwingine, akijua kabisa kwamba anamtetea mwizi, alipanda zile ngazi za chuma.

Nikarudi. Nikamwambia ainuke. Nikalibeba lile sanduku begani mpaka kwa gari bila kusema neno, na mtu yeyote asikudanganye, maandishi ni mazito. Binti yake akanong'ona kwamba nisihuzunike sana, si mbali, nitakuwa nikimtembelea. Alidhani nimenyamaza kwa sababu mama yake anaondoka. Nikamwacha adhani hivyo.